Mficha Maradhi

Leo asubuhi kijana wa bodaboda pale steji ya Njoro amenisalimu kwa jina jipya. "Mficha Maradhi! Twende?" Nikapanda bila kujibu. Mtu akishapewa jina na watu wa bodaboda, hata abadilishe kitambulisho ni kazi bure.

Jina lenyewe nilijipa kwa kinywa changu, kwa maikrofoni, Jumamosi ya juzi, katika ukumbi wa kanisa, mbele ya wanachama wa chama chetu cha ushirika cha maziwa waliokuja kusikia hesabu ya Aprili. Walikuwa zaidi ya mia mbili, wengi wakiwa na gambuti zenye tope la Mau Narok, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Walikuwa wamekamua kabla ya alfajiri, wakapeleka mitungi, wakashuka. Walitaka kujua mambo matatu tu: lita ngapi, makato ya chakula cha ng'ombe ni pesa ngapi, na kinabaki nini. Majibu yote matatu, kwa nilivyodhani, yalikuwa kwenye flashi niliyoishika mkononi. Yalikuwa salama. Yalikuwa salama kiasi kwamba mimi mwenyewe niliyeyaweka humo sikuweza kuyaona.

Alhamisi yake stima ilikuwa imepotea, ikarudi kwa kishindo, ikapotea tena, ikarudi. Iliporudi mara ya pili, kompyuta ya afisi ilitoa mlio kama wa panya aliyekanyagwa, kisha kimya. Diski ilikuwa imekwenda. Sikushtuka. Nitasema ukweli: nilifurahi kidogo, kama mtu aliyenunua mwavuli kiangazi akachekwa, kisha siku moja akaona wingu. Nilikuwa na bakapu. Tena si bakapu ya hivi hivi. Bakapu iliyosimbwa.

Chanzo cha haya yote ni semina. Mwaka jana chama kilinituma Nakuru, hoteli moja ya Milimani, siku nzima, tukafundishwe Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Mkufunzi alitusomea kifungu cha 41, kinachomtaka kila anayeshika data za watu aweke kinga, na miongoni mwa kinga zinazotajwa ni usimbaji, yaani kuyageuza maandishi yasisomeke ila na mwenye ufunguo. Akatutajia na faini: hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, ile iliyo ndogo. Katika semina hakuna anayesikia "ile iliyo ndogo". Nilirudi Njoro na cheti, kalamu ya bure na dini mpya.

Kifungu hicho hicho cha 41, ambacho nimekisoma upya wiki hii kwa macho yaliyovimba, kinataka pia uwezo wa kurejesha data kwa wakati ufaao pakitokea ajali ya kiufundi. Mkufunzi hakutufikisha hapo. Chai ilikuwa tayari.

Basi nikapeleka hoja kwa kamati: tusimbe bakapu zote. Mwenyekiti, mzee asiyependa haraka, akanitazama juu ya miwani. "Kijana, lita za maziwa tunamficha nani? Ng'ombe?" Ikaamuliwa tuchague. Hifadhidata yetu ina mafungu matatu. La kwanza ni wanachama: majina, namba za vitambulisho, simu, akaunti za benki. La pili ni maziwa: lita za asubuhi na jioni, makato, mikopo, salio. La tatu tuliliita "mengineyo": mitungi, vifaa, kumbukumbu za vikao na matumizi ya kamati. Kura zikapigwa kwa kuinua mikono. La kwanza lisimbwe. La pili lisimbwe. La tatu liachwe wazi, maana mashine ni ya zamani, na nani atakayeiba habari za mitungi? Hakuna aliyepinga. Likumbuke hilo fungu la tatu.

Kabla sijarudi ukumbini, nivumilie kidogo nikueleze uzuri wa kitu kilichoniangusha, maana mpaka sasa nimeshindwa kukichukia.

Watu wa pwani wana mchezo wa kinyume: silabi ya mwisho inaletwa mbele, mbuzi anakuwa zimbu, maziwa yanakuwa wamazi. Si mchezo wa jana. Edward Steere aliuandika katika kitabu chake cha mwaka 1870 kuhusu Kiswahili cha Unguja. Kasoro ya kinyume ni kwamba aliyeujua ujanja ameyajua yote. Siku mtoto wa jirani akigundua silabi inahamia wapi, siri zenu za mwaka mzima zimekwisha. Mnamo 1883 Mholanzi mmoja, Auguste Kerckhoffs, alishikilia kwamba njia ya kusimba inayofaa ni ile ambayo adui akiijua yote, hata akaiweka mezani kwake na kuichunguza, bado hawezi kitu bila ufunguo. Siri isikae kwenye njia. Ikae kwenye ufunguo, basi.

Njia niliyotumia mimi inaitwa AES. Waliibuni Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na Marekani ikaifanya kiwango chake rasmi mwaka 2001. Imechapishwa yote, hatua kwa hatua. Ukitaka uisome leo ukiwa kwenye matatu. Inafanya hivi. Maandishi yako hukatwa vipande vya baiti 16, na kila kipande kinapangwa nne kwa nne, kama chupa kwenye kreti ndogo. Kwanza kila chupa inabadilishwa na nyingine kwa kufuata jedwali la chupa 256. Pili safu zinasukumwa: ya kwanza inabaki palepale, ya pili inasogea hatua moja, ya tatu mbili, ya nne tatu, na chupa inayodondoka upande huu inaingilia upande ule. Tatu, kila mstari wa kusimama unachanganywa, ili kila chupa iwe na ladha ya wenzake watatu. Nne, kipande cha ufunguo kinamwagwa juu ya vyote. Hiyo ni duru moja. Kwa ufunguo wa biti 256 zinapigwa duru 14, na ya mwisho tu ndiyo inayoruka hatua ya kuchanganya.

Ni kama kukanda unga wa chapati. Unakunja, unasukuma, unakunja, mpaka huwezi kuonyesha mafuta yako wapi. Ila unga wa chapati ukishakandwa umekandwa. Huu, mwenye ufunguo anaweza kuukandua, kama neno hilo lipo: duru 14 kwa kurudi nyuma, na mafuta yanarudi kwenye kijiko, maji kwenye kikombe, unga kwenye pakiti, hakuna punje iliyopotea. Usiku nilipolielewa jambo hili nilitoka nje nikasimama gizani, nikisikia ng'ombe wa jirani wakicheua. Nilitamani nimwamshe mtu nimwambie. Hakukuwa na mtu ambaye angenisamehe.

Na funguo zenyewe ni ngapi? Idadi yake ukiiandika ina tarakimu 78. Chukua watu wote wa dunia, bilioni 8, kila mmoja mpe kompyuta inayojaribu funguo bilioni moja kwa sekunde, wasilale. Kuzimaliza zote watahitaji miaka ambayo hesabu yake ina tarakimu 51. Nilipomweleza Mweka Hazina hivyo aliuliza kama tutakuwa tumelipa wakulima kufikia hapo.

Mtu hawezi kukariri tarakimu 78, kwa hiyo programu inakuomba nenosiri, kisha inalitengeneza kuwa ufunguo. Inalitia kitu ambacho mafundi wenyewe wanakiita chumvi, yaani herufi za kubahatisha ili watu wawili wenye nenosiri moja wasipate ufunguo mmoja, halafu inalisaga mara nyingi sana, kwa makusudi, ili kila jaribio lichukue muda. Mwizi atachoka. Hakuna aliyefikiria mwenye mali.

Tulionywa tusiweke "ngombe123". Tuweke sentensi ndefu isiyosahaulika, wala tusiiandike popote. Nikafikiri: Mswahili ana sentensi gani asiyoisahau? Methali! Nikachagua ile ya mficha maradhi, ambaye kifo humuumbua. Nilijipongeza mpaka nikacheka peke yangu afisini: nafunga siri kwa methali inayowasuta wafichao siri. Kejeli nzuri namna hiyo hutokea mara moja maishani. Nikaiandika kwenye programu mara mbili kama nilivyoombwa, nikabonyeza, nikaenda nyumbani.

Sasa turudi ukumbini. Kompyuta ya kuazima iko mezani, projekta ya kanisa inamulika ukutani. Nikaandika nenosiri. Si sahihi. Nikaandika tena polepole. Si sahihi. Nikaweka herufi kubwa mwanzoni. Nikaweka nukta mwishoni. Nikaondoa nukta. Ukumbi ukaanza kukohoa.

"Si ulitaje tukusaidie?" akasema Mweka Hazina, kwa huruma. "Wengi hapa tumesoma."

Nikashika maikrofoni nikalitaja. Hapo usalama wote wa Wabelgiji wawili ukafariki, na badala yake ukafunguliwa mjadala wa fasihi simulizi. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekaa mstari wa mbele, alisimama akasema si kifo, ni kilio: mficha maradhi kilio humfichua. Mzee wa nyuma yake akasema wao huko shule ya msingi walifundishwa "ugonjwa", si "maradhi". Mwingine: si "humuumbua", ni "kitamuumbua", kwa sababu mtu huyo bado hajafa. Shosho mmoja akaitoa ya Kikuyu, ambayo haikuhusu maradhi hata kidogo, lakini nikaiandika pia, kwa heshima. Kijana aliyesimama mlangoni akapaza sauti: "Fungua seva!" Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Tangu kesi ya uchaguzi wa urais ya 2017, Mahakama ya Juu ilipoamuru mitambo ya tume ikaguliwe, Mkenya akiona kompyuta iliyonuna hana maneno mengine.

Nilipiga hesabu pembeni mwa daftari. Maradhi au ugonjwa, mara mbili. Kifo, kilio au mauti, mara tatu. Humuumbua, kitamuumbua, humfichua, kitamfichua, mara nne. Hizo ni 24. Herufi kubwa au ndogo mwanzoni, 48. Nukta au bila nukta, 96. Koma au bila koma, 192. Nafasi au maneno kushikana, 384. Na programu inasaga chumvi yake kwa utulivu kila mara, juu ya kompyuta ambayo kanisa huitumia kuonyesha nyimbo. Baada ya saa moja na robo nilikuwa sijafika 70.

Ndipo Mwenyekiti alipotaka kutuliza watu. "Kijana, basi fungua hata lile fungu lililo wazi, wanachama waone kazi inafanyika." Alisema hivyo yeye mwenyewe, na watu mia mbili ni mashahidi.

Nikabonyeza. Fungu la tatu likafunguka mara moja, bila swali, likatandazwa ukutani kwa herufi kubwa kama nyimbo za pambio. Halikuanza na mitungi. Lilianza na kikao cha mafunzo cha kamati, Naivasha, siku mbili. Posho ya kikao. Posho ya usiku. Marupurupu ya safari, kila mtu na yake, ingawa walikwenda kwa gari moja. Nyama. Nyama (ya jioni). Mwalimu mstaafu akasimama tena, akaanza kusoma kwa sauti ya imla, akipumzika kwenye kila koma. Alipofika kwenye mstari wa "Mashua, kutazama viboko, sh 18,000" alinyamaza, akavua miwani, akaisafisha, akaisoma tena.

Kimya kilikuwa kirefu. Kisha shosho yule yule akauliza kwa upole kabisa:

"Viboko walikuwa wangapi?"

Sitaeleza yaliyofuata. Mkutano uliahirishwa saa nane.

Jumatatu nikapokea barua ya kamati. Niliitarajia, mtu ukifungia wakulima lita zao unastahili barua. Lakini haikutaja lita hata mara moja. Nilikuwa nashtakiwa kwa "kuanika hadharani siri za chama". Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Walioinua mikono kulichagua fungu la tatu libaki wazi ni wao, kwa sababu machoni mwao maziwa ya mkulima ndiyo siri, na posho zao ni mengineyo. Halafu siku mkulima aliposhindwa kuona maziwa yake hakuna aliyehangaika, na siku alipoona posho ikaandikwa barua yenye muhuri. Nimefanya kazi hii kwa mshahara ambao ungelipia mashua ile kwa shida. Mtu aniambie usimbaji wa namna hii unamkinga nani dhidi ya nani.

Na tukishafika hapo, acha niseme na hili. Langoni kwetu kuna kitabu. Unakijua, kwa sababu kiko kwenye kila lango la Nakuru, na naona kama tangu mji upewe hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021 vimezidi kuzaana. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unatoka wapi, unamwona nani, saa ya kuingia, sahihi. Kalamu imefungwa kwa uzi. Anayeandika anawasoma waliomtangulia wote, na atakayekuja atamsoma yeye. Kwa hiyo namba ya kitambulisho cha mwanachama ambayo mimi nimeikanda duru 14, isiweze kufunguliwa hata na watu bilioni 8, imelala pale nje kwa mwandiko wake mwenyewe, karibu na birika la askari. Kitabu kikijaa kinakwenda wapi? Nimeuliza. Askari alisema kinachukuliwa. Na nani? Kinachukuliwa tu. Nauliza kwa sababu mwezi Juni 2021 Wakenya wengi waliingia eCitizen wakajikuta wameandikishwa katika vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Mimi nilikuwamo, katika chama ambacho hata rangi zake sizijui. Wiki iliyopita nilinunua njugu karanga pale karibu na Soko la Wakulima, nikafunua karatasi, nikakuta fomu ya mkopo ya mtu, na picha yake pasipoti imenitazama kwa unyonge kati ya njugu mbili. Faini zipo: Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja 1,850,000 kwa picha ya mteja. Kitabu cha langoni sijasikia kikitozwa kitu.

Mikasa mingine ya mwaka huu ni midogo. Nilimwambia Mweka Hazina aifunge flashi yake. Akaja nayo ndani ya kisanduku chenye kufuli la Tri-Circle, na funguo zikiwa ndani. Nilijaribu kusimba kumbukumbu za vikao ili nijisalimishe kwa kamati, nikasimba barua yangu ya kujitetea.

Usiku wa Jumapili, usingizi ukiwa umenikataa, nilisoma habari za Stefan Thomas, mtaalamu wa programu anayeishi San Francisco, ambaye dunia ilimjua Januari 2021: bitcoin 7,002 zimefungwa kwenye kifaa kinachoruhusu majaribio kumi tu ya nenosiri, na ameshatumia manane. Karatasi aliyoliandikia imepotea. Wakati ule mali hiyo ilikadiriwa dola milioni 220. Yeye aliandika karatasi, mimi sikuandika, na sote tuko macho. Nikajisikia nina ndugu ughaibuni.

Jumatano usiku, nikiwa nimechoka kufikiri, niliketi mbele ya kompyuta nikaiachia mikono iandike yenyewe kwa haraka, kama ilivyoandika siku ile ya kwanza. Faili likafunguka. Nikatazama nilichoandika: "humumbua". Neno linataka u mbili baada ya m, nami niliweka moja. Siku ya kuweka nenosiri programu iliniomba nirudie ili ihakikishe sijakosea, nami nikakosea mara mbili kwa uaminifu ule ule. Katika zile njia 384 hii haikuwamo. Mwalimu mstaafu hangeweza kunisaidia hata tungekesha: yeye anajua kuandika.

Bakapu hiyo iliishia tarehe 20 Aprili. Siku kumi za mwisho wa mwezi hazimo, kwa sababu tarehe 21 ndiyo niliyokuwa nimetumwa kupeleka risiti za Naivasha. Tunazijaza upya kwa mkono kutoka kwenye kadi za wakulima wenyewe, zile kadi ndogo ambazo karani wa maziwa huandika lita kila asubuhi kwenye kituo. Zimelowa, zimekunjwa mara nne, nyingine zina alama ya ulimi wa ndama, na zote zinasomeka. Shosho aliniletea ya kwake ikiwa imefungwa kwa mfuko wa chumvi. "Mjukuu wangu," akasema, "hii haina paswadi."

Tofauti na alivyotangaza Mwenyekiti, zoezi halijakwisha. Kama ulileta maziwa kati ya tarehe 21 na 30 Aprili na hujaleta kadi yako, ilete. Afisi inafunguliwa saa mbili asubuhi. Askari atakuomba uandike jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu.